Kobe Aliyelishwa Mapapai

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona mnaitika kama mliolala na njaa? Paukwa!"

"PAKAWA!"

"Uongo na uje!"

"Uje na chumvi yake!"

Haya. Alikuwapo Fisi, na Fisi mnamjua, tumbo lake halina kifuniko. Huyo Fisi alifuga kobe. Msicheke! Hakumfuga kwa mapenzi. Siku moja alijaribu kumla, akakuta gamba gumu, akaugulia meno siku nzima. Kisha akasikia kwamba kobe anayelishwa vitu laini tu, bila mfupa wala ganda la yai, gamba lake nalo hulainika. Basi akamjengea Kobe boma la miba nyuma ya nyumba, akawa anamlisha mapapai.

Asubuhi papai. Mchana papai. Jioni papai, tena lililoiva mpaka linatoa maji.

"Papai tena?" Kobe akasema. "Bwana Fisi, kinywa changu kimechoka na utelezi!"

"Kula, kipenzi changu. Kula unenepe."

Kisha humgonga mgongoni kwa ukucha, akatega sikio. Mwanzoni gamba lililia ko! ko! ko! Baadaye likalia ku, ku, ku. Asubuhi moja likalia pu.

Fisi akameza mate. "Limekaribia," akanong'ona, lakini Fisi hajui kunong'ona. Kobe akasikia.

Jamani, hasira zilizompanda Kobe! Kuliwa ni kuliwa, lakini yeye alikuwa akilainishwa kama maharage chunguni, na kila mlo anasema asante!

"Bwana Fisi, nipe mfupa mmoja niugugune."

"Mfupa? Wa nani? Nyumba hii mfupa hautupwi."

"Basi kipande."

"Hata kipande."

"Basi ule unga unaoanguka ukitafuna."

"Huo naulamba!"

Na kweli aliulamba. Fisi alikula nyama, akala mfupa, akala kwato, akala na kamba aliyofungiwa mbuzi. Kutwa kucha ni kwachu, kwachu, kwachu.

Kobe akakaa amenuna, macho yake yakaangukia pale uani Fisi anapokwenda haja. Akaona mavi ya Fisi ni meupe pee, makavu kama chaki. Weupe ule umetoka wapi, kama si kwenye mifupa?

"Laa! Mimi?" akasema. Akajigonga gamba kwenye jiwe. Pu. "Haya, mimi," akasema.

Fisi alipokuja na papai lake, Kobe akamwambia, "Bwana Fisi, ua wako unanuka. Mama mkwe akija, uso wako utauweka wapi? Nifungulie nikufagilie."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. Mtumishi wa bure! Akasogeza miba. "Fagia, ila usiende mbali."

"Niende wapi na miguu hii?"

Basi Kobe akafagia, kwaru, kwaru, kwaru, na ufagio wake ulikuwa mdomo. Alifumba macho. Haikuwa halua, na hapo sitaki maswali.

Na papai je? Hakulila tena, alijisugua nalo mgongoni. Fisi akija kugonga, ukucha unazama nyofo! Ana macho, lakini tumbo ndilo linalomwonea. Akaulamba ukucha. "Lo, kumbe kobe akiiva huwa mtamu hivi!" Akaenda mbio kumwita mama mkwe. Na chini ya papai gamba lilikuwa limesharudi: ku, kisha ko.

Mama mkwe akaja, Bi Taya, uso umekunjamana. Mke wa Fisi alikuwa amerudi kwao kwa uchoyo wa mumewe, na mama alitaka kuona kama mtu amebadilika.

"Karibu, mama. Leo utakula nyama laini," Fisi akasema. "Ila ngoja nikuonjee kwanza."

Akafunua taya, akang'ata kwa nguvu zake zote. KAKA! Meno yakadondoka, tili, tili, tili.

"Mimi nimekulisha mapapai!" Fisi akalia, mkono mdomoni. "Nani kakupa mifupa?"

"Ni wewe, Bwana," Kobe akajibu. "Kila siku ulinitafunia, ukanisagia, ukaniwekea uani."

Bi Taya akachungulia uani. Palikuwa safi, hapana hata kipande kimoja cha mavi. Akaelewa. Akajifunga khanga yake upya, akaondoka bila kuaga. Kobe naye akatoka kwa mlango wa mbele, polepole kama kawaida yake. Fisi alimtazama akipita mpaka jua likafika utosini, na hakuthubutu kumgusa.

Hadithi imeingia ndani ya gamba. Anayeitaka tena, aje na mfupa.

Na funzo lake? Usafi ni jambo jema, watoto, fagieni ua. Na kuleni mnachopewa bila kunung'unika. Na yule kobe wenu mliyemfunga jikoni, anayelishwa nyanya tangu Ijumaa na mimi nasema mpaka koo limenikauka, mpeni ganda la yai leo hii, kabla hajaanza kufagia.