Trei Kavu ya Mtaa wa Cobley

Ufa haupigi hodi. Huingia ukutani kimya kimya, mwembamba kama unywele, na mwenye nyumba akauzoea kama anavyozoea sura yake mwenyewe kwenye kioo. Wahenga hawakuchoka kutuonya juu yake, nasi hatukuchoka kuwapuuza. Ndivyo ilivyokuwa katika mtaa wa Cobley, mjini Birmingham, miaka ile ambayo wanaume wa mtaa mzima waliamshwa na king'ora cha kiwanda cha pikipiki cha Ravenhall.

Horace Tranter alikuwa fundi wa injini kiwandani humo, kwenye meza ile ile aliyoifanyia kazi marehemu baba yake. Hakuwa na ndoto nyingine duniani ila kuzeekea mezani hapo. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vipande viwili vya chuma vilivyobeba injini. Vipande hivyo vilisimama wima, kimoja kushoto na kingine kulia, kama viganja vya mtu anayesali, na kwenye maungio yake mafuta yalipenya. Yalipenya tangu enzi za babu. Pikipiki ya Ravenhall ilikuwa na ngurumo ya kusisimua damu na mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono, lakini popote iliposimama iliacha doa.

Doa hilo halikumwaibisha mtu. Mgeni akifika Cobley na pikipiki, mama wa nyumba alitoka na trei kuukuu ya kuokea, akaisukuma chini ya injini kabla hata ya kumjulia hali. Kumwekea mgeni trei ilikuwa heshima sawa na kumkaribisha chai. Nao wanaume baani walikuwa na msemo wao: "Isiyovuja haina mafuta!" Wakiusema, waligonganisha glasi na kucheka.

Jumapili moja, Maureen, binti yake Horace, alimleta mchumba wake kula chakula cha mchana. Kijana mwenyewe aliitwa Desmond Yardley, mwashi wa matofali, na alikuja na pikipiki ndogo nyekundu ya Kijapani.

"Hicho nini, bwana mdogo?" Horace aliuliza akiwa amesimama mlangoni. "Umemletea mama mkwe cherehani?"

"Ni pikipiki, mzee."

"Pole sana. Ukikua tutakutafutia ya kweli."

"Horace, hebu mwache mtoto wa watu aingie, nyama inapoa!" alisema mkewe, Beryl, huku akisukuma trei chini ya kile kidude chekundu.

Walikula nyama ya ng'ombe na viazi, wakanywa chai, wakabishana kuhusu mpira hadi jioni. Desmond alipoondoka, Horace aliokota trei ili aipanguse kwa tambara, kama kawaida yake. Hapakuwa na cha kupangusa. Alipitisha kidole katikati, akapitisha pembeni, akakitazama kidole chake. Kilikuwa kikavu.

"Basi haina mafuta hiyo," Beryl alitania.

Horace hakucheka. Kwa mara ya kwanza aliiona akilini meza ya baba yake ikiwa haina mtu.

Juma lile lile mkurugenzi, Bwana Whitlock, aliwaita mafundi wakuu. Juu ya meza palikuwa na mchoro wa injini mpya, ambayo vipande vyake vililala kimoja juu ya kingine, mafuta yakakosa pa kutokea. Kuitengeneza kungehitaji mashine mpya na mafunzo mapya, jambo ambalo wakubwa hawakulipenda na mafundi hawakulipenda vilevile.

"Nyinyi ndio wenye injini," Whitlock alisema. "Mnasemaje? Tuubomoe urithi wa babu zetu kwa ajili ya matone mawili matatu?"

Maneno yalimpanda Horace hadi kooni. Alitaka kusema habari za trei. Alitaka kusema, jamani, nimeona kwa macho yangu. Lakini kabla hajafungua kinywa, mzee Clem Garbett alipaza sauti kutoka nyuma: "Isiyovuja haina mafuta, bosi!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Naye Horace akacheka, tena akawashinda wote. Mchoro ukakunjwa, ukarudishwa kabatini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama. Wanunuzi wa Marekani walihamia kwa Wajapani. Polisi wa mji, waliojivunia Ravenhall miaka nenda miaka rudi, nao wakafuata. Mishahara ikaanza kuchelewa, kisha ikatangazwa kuwa kiwanda kitafungwa. Mafundi walilikalia lango majira yote ya baridi, wakiota moto wa mbao na kuimba ili wasilie, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mashine zilipigwa mnada. Meza ya baba yake Horace ilibebwa na watu wawili wasiomjua, wakaitupa garini kama kuni.

Ee, Horace aliikumbuka kazi ile! Alizinduka kila asubuhi saa ya king'ora, ilhali king'ora hakikulia tena. Alitamani harufu ya mafuta ya moto. Alizitamani porojo za Clem, akaitamani hata chai baridi ya kiwandani aliyokuwa akiilaani. Miaka ilipita, na hamu haikupita.

Siku moja majira ya kuchipua aliifungua injini ya Ravenhall yake mwenyewe. Alivisugua vile vipande viwili juu ya kioo kinene mpaka vikawa bapa kabisa, akapaka gundi mpya, akaviunganisha. Aliiendesha pikipiki hadi kwenye mfereji wa mashua na kurudi, kisha akaiwekea trei. Asubuhi trei ilikuwa kavu.

"Si ufurahi, mume wangu?" Beryl aliuliza alipoona machozi.

"Kazi ya alasiri moja, Beryl," alisema. "Alasiri moja tu!"

Hakuweza kukaa nyumbani. Aliipanda pikipiki hadi kiwandani, na hapo langoni akamkuta mkwewe Desmond, mwiko mkononi. Mmiliki mpya wa kiwanja alikuwa ameagiza lango lizibwe, na matofali yalikwisha kufika kifuani.

"Nisamehe, baba," Desmond alisema huku ameinamisha kichwa. "Kazi ni kazi. Nilishindwa kukwambia."

Horace alichungulia kwa juu. Majani yalikuwa yameota pale mafundi walipokuwa wakijipanga asubuhi. Aliangalia chini ya pikipiki yake, akaona ardhi safi isiyo na tone. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Nipe tofali."

"Baba, acha tu…"

"Nipe, mwanangu. Ukuta huu si wako. Tuliuanza sisi, siku ile tulipocheka. Wewe umekuja kuumalizia."

Akalipokea tofali, akalipaka saruji, akaliweka mahali pake na kuligonga taratibu mpaka likakaa sawa. Hakika, usipoziba ufa, utajenga ukuta.