Zimwi na Ukili wa Bi Mwanatumu

Sogeeni, wenye masikio. Palikuwa na zimwi lililokuwa likila wazee waliosema wamemaliza kujifunza. Likamjia Bi Mwanatumu, msuka mikeka, kinywa wazi.

"Bibi, umemaliza?"

"Bado. Sijajua kupiga ngoma."

Mwaka wa pili likamkuta anapiga ngoma, hata kuku wanacheza.

"Umemaliza?"

"Bado. Sijajua kuogelea."

Mwaka wa tatu likamkuta mtoni, anapiga mbizi kama kiboko.

"Sasa umemaliza?"

"Bado. Sijawahi kulifundisha zimwi kusuka. Kaa, shika ukili huu wa mkeka."

Zimwi likakaa. Likasuka, likakosea, likafumua, likacheka, njaa ikalitoka.

Jioni bibi akauliza, "Umemaliza?"

"Bado, bibi. Ndiyo kwanza naanza."

Nami nilipopita, niliwaacha wangali wanasuka.