Mwatime, Kibua Aliyeshuka Gizani

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo sogeeni mbele. Wakubwa, acheni kunong'ona, hii ni yenu pia.

Zamani hizo za kale, juu baharini, kwenye maji ya jua, liliishi kundi la samaki wadogo, vibua. Humo walikuwamo ndugu wawili, Mishi na mdogo wake Mwatime. Mgongo wa buluu, tumbo jeupe pe. Ukiwatazama kutoka juu, huwaoni. Ukiwatazama kutoka chini, huwaoni. Na mbio je? Kundi likigeuka, shwaa! Wote wamegeuka.

Asubuhi moja akaja Jodari, samaki mkubwa mla wenzake. Kap! Akanyofoa nusu ya mkia wa Mwatime. Mwatime hakufa. Lakini tangu siku ile, kundi likigeuka, shwaa! Mwatime bado. Likigeuka tena, shwaa! Mwatime bado.

Bi Shekue, mkubwa wa kundi, akasema, "Huyu atatuletea Jodari sote. Nani anamtetea?"

Kimya.

Mwatime akamtazama dada yake. Mishi akatazama pembeni.

Mwatime hakungoja kufukuzwa. Akainamisha kichwa, akashuka. Chini, chini, chini.

Maji yakawa ya kijivu. Hapo akakutana na Ngisi.

"Wee mtoto, kivuli chako kinaonekana!" Ngisi akamwambia. "Wenye meno wa huku hukaa chini wakitazama juu. Washa tumbo kidogo, lifanane na mwanga wa juu, wasikuone."

"Nitawashaje?"

"Hofu itakufundisha. Mimi ilinifundisha."

Kweli, ikamfundisha. Tumbo lake likaota vitone vya mwanga. Lakini hata hapo walikuwapo wenye mbio, naye mkia ni nusu. Akashuka tena. Chini, chini, chini.

Giza tii. Baridi. Maji yakambana kila upande. Akasikia kitu kikubwa kikipumua polepole. Alikuwa Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, bibi kizee mwenye domo pana kuliko mwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumbo linauma?"

"Linauma sana."

"Ni ule mfuko wako wa hewa. Maji ya huku yanauminya. Uache ujae mafuta. Mifupa nayo iache ilainike. Usikimbiekimbie, utamaliza nguvu bure. Chakula huku hakiji kila siku. Kikija, kimeze, hata kikiwa kikubwa kuliko wewe."

"Bibi, naweza kukaa nawe?"

Mkunga akajibu, "Hapana, mjukuu wangu. Chakula cha hapa hakitoshi wawili." Akaenda zake.

Mwatime akabaki peke yake. Miaka ikapita. Mwili ukawa mweusi, kinywa kikapanuka, kwenye paji la uso ikaota taa ndogo. Vidudu vya gizani vilikuja kuishangaa taa, kap! akavimeza. Siku nyingine hakupata kitu ila makombo yanayodondoka kutoka juu kama vumbi. Mara mojamoja lilidondoka gamba la kibua. Hilo hakulila upesi. Alilitazama kwa taa yake, akajua wenzake wapo, wanaishi. Kisha aliita, "Dada Mishi!"

Zii.

"Dada Mishi!"

Zii.

Sasa, Ngisi hupanda juu kula jioni, alfajiri hushuka kujificha. Akaisikia sauti ile, akalipeleka jina juu. Mishi alikuwa ameshazeeka. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alfajiri akamfuata Ngisi mpaka maji ya kijivu, kifua kikimbana, naye Mwatime, aliposikia Ngisi akimwita, akapanda kadiri alivyoweza.

Mishi alipoliona lile domo akaruka nyuma. "Nani wewe?"

"Mwatime."

"Mwatime alikuwa na tumbo jeupe!"

"Nilikuwa nalo, dada. Ningebaki nalo ningeliwa."

Mishi akaijua sauti. Akasogea karibu, taratibu, mpaka mapezi yakagusana.

"Siku ile nilinyamaza," akasema.

"Nilikusikia ukinyamaza."

"Twende nyumbani, mdogo wangu. Nitasema nao wote."

"Mwili wangu ni wa chini sasa. Hapa tu nimechoka, nyama zinalegea. Juu nitakufa. Na wewe ukishuka kwangu utasagika."

Wakakaa bega kwa bega, mpaka Mishi akaanza kuyumba.

"Panda, dada," Mwatime akamwambia. "Panda sasa hivi."

Mishi akapanda akilia. Mwatime akashuka. Chini, chini, chini. Hawakuonana tena.

Huko juu, kibua mwingine alipojeruhiwa, Mishi alisema mbele ya wote, "Huyu anakaa katikati yetu, sote tutapunguza mwendo." Wakapunguza.

Fundisho ni hili: mtu akibadilika ili aishi pale mlipomwacha, msimkimbie kwa sura yake. Na mwenzenu akihitaji wa kumtetea, semeni siku ileile, maana kesho huenda asiweze kurudi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeisikia na akamsimulie asiyekuwapo.