Sanduku Jeusi na Wageni Arobaini

Wapendwa, kaeni vizuri. Na nyie wa mlangoni sogeeni ndani, leo sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba hakusikia.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, anaishi na mkewe na mama yake mzazi. Yule mama mapafu yalikuwa yamechoka. Hospitali wakamruhusu arudi nyumbani, lakini na mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka kwenye umeme. Daktari akasema bila kuzunguka: mashine hii ikizima dakika kumi, mama hatunaye. Sasa niambieni, umeme wa mitaa yetu si mnaujua? Unakatika bila hodi. Wewe ungefanyaje?

Fundi akaenda dukani kutafuta sanduku la umeme. Mmeyaona haya, betri kubwa yenye mshikio, unaichaji umeme ukiwepo, ukikatika unachomeka vitu vyako. Akaliona moja lina taa za rangi, lina redio, lina matundu ya simu chungu nzima. Akalipenda pale pale. Dada muuzaji akamwuliza, "Kaka, unataka libebe nini?"

"Mashine ya oksijeni ya mama."

"Inakula wati ngapi?"

Fundi akatoa karatasi mfukoni. Mia tatu hamsini. Yule dada akatikisa kichwa. "Basi hilo la taa achana nalo, kaka yangu. Hiyo namba kubwa waliyoiandika mbele ni nguvu ya sekunde chache tu. Mfululizo linabeba mia tatu. Chukua hili." Akamvutia sanduku jeusi, zito, baya hata kuliangalia. "Hili linabeba mia sita mfululizo. Mashine ya mama ikiwa peke yake, saa tatu una uhakika. Ila nisikilize vizuri: ukilizidishia mzigo linajizima, na vyote ulivyochomeka vinazima."

Fundi akabeba lile baya. Alichagua vizuri, hakuchagua vizuri? Semeni, msiniogope! Alichagua vizuri sana. Mimi nawaambia ukweli, ningetoka na lile la taa.

Wiki tatu mambo yakaenda. Umeme ukikatika, mama anapumua. Ikafika Alhamisi mchana, jumuiya wakaja kumwombea. Watu arobaini, wamefunga tangu asubuhi, na kwaya, na kinanda, na zile spika mbili kubwa. Mbona mnacheka? Nani anakwenda kwa mgonjwa wa mapafu na spika? Ni sisi! Siku hizi bila spika tunaona maombi hayajaanza.

Mama akatolewa chumbani, akalazwa kwenye kochi katikati ya watu, na mashine yake pembeni. Wimbo wa kwanza haujaisha, umeme ukakatika. Fundi akaruka, akaichomeka mashine kwenye sanduku jeusi. Mama akaendelea kupumua, watu wakasema asante Yesu. Kumbe mpiga kinanda ameshaliona lile sanduku.

"Kaka, si naona tundu lingine hapo? Tuchomeke, tusipoteze moto wa maombi."

Mke wa fundi akasema, "Baba Lusajo, hapana. Hilo ni la mama."

Fundi akamwangalia mkewe, akawaangalia wageni. Watu wameshinda na njaa kwa ajili ya mama yake! Utawaambiaje zimeni? Akaona aibu. Akasema, "Chomekeni. Ni muda mfupi tu." Mkewe akaenda jikoni kuwachemshia chai.

Kinanda kikalia, sanduku limeshika. Spika ya kwanza, limeshika. Kiongozi wa maombi akapandisha sauti, "Baba, mpe pumzi mama yetu! Mpe pumzi!" Mpiga kinanda naye akafungulia spika zote mbili mpaka mwisho. Hapo sanduku likajizima, na kila kitu kikazima.

Mngesema sasa watagundua, si ndiyo? Thubutu! Kiongozi akapaza sauti, "Adui amekata spika! Pigeni makofi, mshindeni!" Arobaini wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, wakaruka. Mashine ya mama ilikuwa inalia pii, pii, pii, nani aisikie? Fundi mwenyewe amefumba macho, machozi yanamtoka, anaomba kuliko wote. Mama akanyoosha mkono juu, unatetemeka. Mtu mmoja akauona, akapiga kelele, "Amepokea! Mama amepokea!" Loo, kelele zikazidi.

Mke akaingia na birika. Akaona midomo ya mama imekuwa ya bluu. Birika likaanguka, chai ikaunguza miguu ya watu, hakuomba radhi. Akapasua katikati yao, akang'oa waya za spika, akang'oa za kinanda, akabonyeza kitufe cha sanduku akakishikilia. Mashine ikaanza kunguruma.

Mama alipona. Siku ya tatu alipopata nguvu ya kusema, wakamwuliza ile Alhamisi alipokea nini. Akawaambia, "Niliwanyooshea mkono nikiomba hewa, mkanijibu haleluya."

Ndugu zangu, fundi yule alichagua vizuri dukani, mbele ya mtu asiyemjua. Akashindwa kuchagua sebuleni kwake, mbele ya watu wanaompenda. Na waliomfanya ashindwe si walevi, si wezi. Ni sisi. Sisi ndio wageni ambao mtu anashindwa kutuambia hapana, kwa sababu tumekuja na Mungu mdomoni. Tunaingia kwa mjane, tunamwombea riziki huku tunamalizia unga wake. Tumeshawahi kumwangalia usoni? Inaniuma kusema, maana na mimi nimekula unga huo.

Alhamisi hii tunakwenda kwa Mama Ambakisye, mnajua hali yake. Kwaya, nawaona mnaangaliana. Spika zinabaki hapa, ufunguo wa stoo ninao mimi. Tukifika, kabla ya wimbo wowote, tutakaa karibu yake tumwulize anataka nini, halafu tufunge midomo mpaka amalize kujibu. Tusimame tuombe. Kila mtu kwa sauti ya chini, na macho wazi.