Michi Ilipogongana

Zamani hizo, wanangu, zamani kinu kikiwa na masikio na mashine haijazaliwa! Sogeeni. Wewe Pili, mwache mwenzio, sikiliza.

Palikuwa na kijiji kisichohesabu miaka. Wanawake walitwanga wawili wawili, kinu kimoja, michi miwili: wangu ukipanda, wako unashuka, tu-tu, tu-tu. Waliotwanga pamoja waliitana shoga, hata kama mmoja angeweza kumzaa mwenzake. Ila michi ikigongana, basi, mkubwa kazeeka. Ananyang'anywa mchi, anapewa ungo, akapepete kando peke yake. Ndiyo mila.

Bi Somoe alitwanga na Hasina, aliyemfundisha mwenyewe kushika mchi. Asubuhi moja Hasina akaja macho mekundu. Mwanawe alikuwa na homa. Tu-tu, tu-tu, Hasina akasinzia. Kwa! Michi ikagongana.

"Ehee!" akacheka Mwanakheri, kungwi wa kijiji. "Somoe, uzee umebisha hodi!"

"Uzee gani? Muulizeni huyu nani kasinzia."

Wote wakamgeukia Hasina. Hasina akautazama mpunga. "Mimi sikuona," akasema.

Wewe ungesema, Pili? Haya, nyamaza.

Kesho yake Hasina akampita Bi Somoe akipepeta pale kandoni. "Shikamoo, bibi."

Bibi! Jana alikuwa shoga. Bi Somoe akaitikia, "Marahaba," na ile marahaba ikamkaa kooni kama pumba.

Lakini mikono haikujua habari za mila, ilitaka kazi. Akachonga michi miwili. Mmoja akauegemeza ukutani, mmoja akautwangia nyumbani kwake: tu... tu... akiacha nafasi ya mwenzake kila pigo. Hakuja mtu. Mvua zikaja, zikapita. Tu... tu... Wapita njia wakacheka, "Kibibi anatwanga maji!"

Hata asubuhi moja akaona miguu mbele ya kinu. Ni Hasina, mvi kichwani, ungo mkononi.

"Shikamoo, bibi. Mwenzangu kapiga chafya, michi ikagongana. Wamesema ni mimi."

"Nawe ukasema nini?"

"Nimesema si mimi. Hakuna aliyesikia."

Bi Somoe hakuitikia ile shikamoo. Akaelekeza kidevu ukutani. "Mchi wako ule pale, una vumbi. Ufute, uingie palepale ulipokosea."

Uzee, wanangu, hauji kwa miguu yake. Watu ndio huubeba, na anayembebesha mwenzake leo, kesho utatua kwake.

Kisa nimekitwanga: mchele wenu, pumba za kuku. Inukeni, vyombo havijaoshwa.