Shahidi Aliyekataa Neno Moja

Inasimuliwa, ndugu zangu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Sahura aliishi mfuma mikeka aitwaye Dhakwani bin Salit, mja mkweli ambaye mji mzima ulimtafuta yeye kushuhudia ndoa na mirathi.

Mji ukatekwa kwa upanga. Amiri mpya akawakusanya watu msikitini wampe bai'a, kiapo cha utiifu, na askari wakasimama mlangoni panga wazi. Wapo waliotoa mkono huku machozi yakiwatoka. Dhakwani naye alitoa, akichelea damu ya watu isimwagike. Kisha ikaletwa hati: “Wametoa bai'a kwa hiari yao, bila ya kulazimishwa.” Akaambiwa aishuhudie.

“Utiifu nimekupa, Maulana,” akasema. “Ushahidi huu siuwezi.”

Kadhi, na huyo riziki yake ilitoka jikoni kwa Amiri, akadakia: “Walinyamaza wote. Bikira akiposwa akanyamaza, si ndiyo ridhaa yake?”

“Ndiyo, Sheikh. Lakini akilia, ndoa haifungwi. Wale waliolia hukuwaona?”

Subhanallah! Kadhi mzima akainamia busati.

Amiri akacheka. “Na yule mtawala wenu niliyemuua, nyinyi mlimchagua?”

“Hapana, Maulana. Nilizaliwa nikamkuta. Lakini hakunitaka niape mbele ya Mola wangu kwamba nilimchagua.”

“Basi lango li wazi. Asiyetoka karidhia. Haya, toka!”

Dhakwani akatoka na mkewe, Bi Unaysa, na kiriba kimoja cha maji. Siku ya tatu, maji yamekwisha, wakafika kwenye lango la mji wa pili. Bawabu akawauliza: “Mtampa mtawala wetu bai'a kwa hiari, tuwape maji?”

Mzee Dhakwani midomo ilikuwa imempasuka. “Nitampa kwa kiu, mwanangu. Andika hivyo.”

“Hapa hatuandiki hivyo.” Lango likafungwa.

Akafariki pale ukutani kabla ya adhuhuri, kichwa kiko pajani mwa mkewe. Bi Unaysa akainuka, akabisha, akatamka yote neno kwa neno, “kwa hiari yangu, bila ya kulazimishwa,” ili apewe maji ya kumwoshea maiti wake.

Msimlaumu, jamani. Aliyelazimishwa hana dhambi. Ole wake aliyeyapokea maneno yale mlangoni, akayaandika, akaridhika kwamba amepata raia.