Aliyenyimwa Jembe

Mtu mmoja alikuwa na sikio kali kuliko wenzake wote, na sikio hilo ndilo lililomponza. Jina lake Mkude. Nyani walipozidi kushuka kutoka msituni na kuyamaliza mahindi, kijiji kilikaa kikao kikamchagua yeye. Wakamjengea dungu, kile kibanda cha miguu mirefu pembeni mwa mashamba. Wakampa debe la kupiga na kombeo la kurushia mawe, wakamsindikiza kwa ngoma.

Kijiji kilisema nyani ni wezi, basi. Mkude ndiye aliyewaona kwa karibu. Aliviona vidole vyao, kama vya watu. Siku moja jiwe lake lilimpata jike, na mtoto akabaki ameng'ang'ania kifua cha mama asiyeamka, akilia. Mkude hakumsimulia mtu. Huko chini watu walipalilia, wakavuna, wakaoza binti zao, wakashiba. Kila debe lilipolia walisema, tuko salama.

Miaka ikapita, nyani wakahama. Mkude akashushwa kwa ngoma zile zile. Wakachinja mbuzi, wakampa kidari na kiti cha mbele. Kombeo lake wakalitundika ukutani kwa jumbe, kila apitaye alione. Kisha wakarudi mashambani.

Yeye hakuwa na shamba la kurudia, maana ngwe yake walikwisha gawiwa wengine. Akakaa barazani na heshima yake. Mfuniko wa sufuria ukianguka, anaruka. Asubuhi moja majani ya mpapai yalitikisika nyuma ya nyumba. Mkude alikuwa ameshaokota jiwe na kuinua mkono ndipo akamwona bintiye huko juu, anachuma papai. Jiwe likamdondoka. Tangu hapo akauogopa mkono wake mwenyewe.

Akaenda kwa wazee kuomba ngwe, japo ndogo, japo ya mawe. Alitaka mikono ile ichoke kwa kazi nyingine. Wazee wakacheka, tena kwa upendo. Mlinzi wetu ashike jembe? Majirani watasema hatuna shukrani. Ndiyo desturi yao: aliyekilinda kijiji halimi tena. Wakamwambia amekwisha kufanya yake, akapumzike.

Basi akarudi dunguni, akawa anapiga debe mchana kutwa, akifukuza nyani wasiokuwapo. Watu wale wale waliokuwa wakilala usingizi mnono kwa ajili ya debe lile, sasa wakalalamika kelele. Shukrani ya punda ni mateke. Wakatuma vijana wakamnyang'anye debe. Kukawa kimya, na kijiji kikasema, alhamdulillahi, kapata nafuu.

Mkewe Sikudhani hakusema hivyo. Yeye ndiye aliyempelekea chakula kila siku na kukirudisha kilivyo. Akaingia kikaoni bila kuitwa, akauweka mbele ya wazee ugali uliopoa.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Wazee wangu, hata mgeni mnampa jembe. Mume wangu amewakosea nini?"

Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akapendekeza Mkude achinjiwe mbuzi mwingine, na wote wakaafiki.

Mbuzi aliliwa. Sasa mchwa wanaitafuna miguu ya dungu, na Mkude bado yuko juu, ameziba masikio kwa viganja. Nami nawaulizeni ninyi mlioshiba mahindi yale: kombeo mlilishusha, na miguu ya Mkude mliishusha kwa ngoma, je, yeye mwenyewe mlimshusha lini?